Kobe wa miski nyumbani: maji kwanza, kobe baadaye

Kitoto cha kobe wa majini hukaa kwenye kiganja cha mtoto na nafasi ikabaki. Udogo huo ndio unaomponza. Mnunuzi humwona mdogo kama sarafu, humchukua pamoja na beseni la plastiki lenye kisiwa na mnazi wa bandia, humrushia uduvi mkavu asubuhi na jioni, na baada ya miezi michache macho yamevimba, gamba linabonyea na mnyama hali tena. Hapo hakuna bahati mbaya. Kobe huyo amekaa ndani ya mkojo wake mwenyewe, bila jua, kwa chakula cha aina moja. Kwa hiyo hapa tunaanza na maji. Kobe atakuja baada ya mwezi mmoja au zaidi, maji yakishakuwa tayari kumpokea.

Kiswahili kina kasa, ambaye ni wa baharini, na kobe, ambaye wengi wakimtaja humfikiria wa nchi kavu. Tunayemzungumzia anaishi kwenye mito, mabwawa na maziwa yasiyo na chumvi. Tutamwita kobe wa majini.

Uliza atafika sentimita ngapi

Hilo liwe swali la kwanza, kabla ya bei. Kobe wa majini anayeuzwa zaidi duniani ni Trachemys scripta elegans, mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho. Akitoka yaini ana sentimita 3. Jike aliyekomaa hufika sentimita 25 hadi 30 na huhitaji mamia ya lita za maji, afadhali bwawa uani. Waliochoshwa naye wamemtupa mitoni katika nchi nyingi, hata IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikamweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na Umoja wa Ulaya ukamtia kwenye orodha yake ya marufuku mwaka 2016. Mwenye chumba kimoja au viwili asimchukue.

Wa mitoni Afrika Mashariki nao waachwe huko huko. Pelusios sinuatus, yule mwenye meno meno kwenye ukingo wa nyuma wa gamba, hupita sentimita 40. Tena sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 na ile ya Kenya ya 2013 hazimruhusu mtu kumtoa mnyama porini na kumfuga bila kibali.

Anayefaa kwa nafasi ndogo ni kobe wa miski, Sternotherus odoratus. Kwao ni mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia kusini mwa Ontario, Kanada, hadi Florida na Texas. Mtu mzima huwa na sentimita 8 hadi 13 tu. Utamtambua kwa mistari miwili ya njano inayoanzia puani, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine chini yake, na kwa vindevu vidogo kidevuni na kooni. Jina la miski linatokana na majimaji yenye harufu kali yanayotoka kwenye tezi zilizo chini ya ukingo wa gamba anapoogopa. Aliyezaliwa mikononi mwa wafugaji akazoea watu huyatoa kwa nadra sana.

Kuna mambo matatu ya kupima moyoni kabla ya kuendelea. La kwanza ni umri: miaka 30 ni kawaida, na wapo waliopita 50. Anayenunuliwa kwa ajili ya mtoto wa miaka minane huenda akawepo mtoto huyo akiwa na watoto wake mwenyewe. La pili ni kwamba anakaa peke yake. Dume humsumbua jike bila kupumzika na kumng'ata miguu na mkia. Madume wawili hupigana. Kobe hahitaji mwenzake. La tatu ni karatasi. Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, uliofanyika Panama mwaka 2022, jamii hii ya kobe imo kwenye Kiambatisho cha Pili, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji kibali. Mtake muuzaji akuonyeshe risiti inayosema kobe alizalishwa na mfugaji. Walioko Marekani wajue pia kwamba tangu 1975 ni marufuku kuuza kwa ajili ya kufuga kobe mwenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto wengi waliugua kwa salmonela, bakteria wa kuharisha ambao kobe huwabeba. Njia nyepesi huko ni kumchukua mkubwa kutoka kituo cha kuwapokea kobe walioachwa. Wapo wengi, na gharama huwa ndogo.

Tangi na vilivyomo

Tangi la kioo la sentimita 90 kwa 45, lenye kimo cha 45, linamtosha kobe mmoja maisha yake yote. Ukijaza maji hadi sentimita 30 unapata lita 120 hivi. Maji hayo pekee ni kilo 120. Ongeza kioo, mchanga na mawe, unapita kilo 150. Meza ya kawaida haibebi uzito huo. Tumia kichanja cha mbao nene au chuma, kimo sawasawa pande zote, na ulaze karatasi ya sponji chini ya tangi ili kioo kisipasuke penye kijiwe au tofauti ndogo ya usawa.

Kobe wa miski si mwogeleaji hodari. Anatembea chini, anapanda vitu, kisha ananyoosha shingo apumue. Hivyo kina cha maji kitegemee umri. Kitoto cha sentimita 2 hadi 3 kianze na maji ya sentimita 6 au 7, kiasi kwamba akisimama kwa miguu ya nyuma pua inafika juu. Ongeza kina kidogo kidogo anavyokua. Mkubwa anamudu sentimita 30 bila shida mradi kuna magogo na mawe ya kupandia. (Katika maji ya baridi kobe huyu hufyonza oksijeni kupitia vinundu vya ulimi wake, jambo la ajabu kweli, lakini ndani ya tangi lenye joto kiasi hicho hakimtoshi.) Kinachowaua kwa kuzama ni mtego: jiwe lililoegemezwa vibaya, pango lenye mdomo mwembamba, mwanya kati ya chujio na kioo. Kila uwazi uwe mpana kuliko gamba lake mara moja na nusu, au uzibwe kabisa. Mawe mazito yaguse kioo moja kwa moja, mchanga umwagwe baadaye. Ukiyaweka juu ya mchanga atachimbua chini yake na kubanwa.

Sakafuni weka mchanga laini wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, kina cha sentimita 2. Usiweke kokoto ndogo. Kobe huzimeza pamoja na chakula na utumbo huziba. Ukitaka mawe, yawe makubwa kuliko kichwa chake.

Chujio ndilo la kutolea fedha bila kusita. Kobe mmoja huchafua maji kuliko samaki wengi wadogo, kwa hiyo usifuate namba ya kwenye boksi ilivyo. Namba hiyo imepigwa kwa samaki. Kwa lita 120 chukua chujio la nje lililotengenezwa kwa tangi la lita 300. Mdomo wa kurudishia maji uelekeze kwenye kioo, au tumia bomba lenye matundu, ili mkondo usimsukume kobe huku na huku.

Joto la maji liwe nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Kwa vitoto, 26 hadi 27. Penye baridi tumia hita ya wati 100 hadi 150 iliyovikwa kava la plastiki lenye matundu. Bila kava kobe hulala juu yake akaungua, au huigonga mpaka kioo chake kikavunjika. Zima hita kila unapotoa maji, kwani ikibaki wazi hewani ikiwa moto hupasuka. Kwenye mji wa joto huenda hita isihitajike kabisa, na shida ikawa kinyume: maji yakikaa juu ya nyuzi 29, sogeza tangi mbali na dirisha na uweke feni ndogo ipulize juu ya maji. Kwa vyovyote uwe na kipimajoto ndani ya tangi, maana kitufe cha kurekebishia joto kwenye hita huwa hakisemi kweli.

Sasa sehemu ya kuota. Wengine husema kobe wa miski haoti jua. Kweli hutoka majini kwa nadra, na wengi hutoka usiku watu wakiwa wamelala, ila nafasi hiyo iwepo. Kipande cha gogo au ubao wenye mteremko unaoanzia chini ya maji unatosha. Juu yake weka taa ya halojeni ya wati 50, kimo cha sentimita 20 hadi 25, na upime joto la uso wa gogo: nyuzi 30 hadi 32. Pembeni iwe taa ndefu ya asilimia 5 au 6 ya UVB, aina ya miale isiyoonekana iliyomo kwenye jua. Hiyo ndiyo inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu ya kwenye chakula haiingii mifupani. Kioo na plastiki huzuia miale ya UVB, kwa hiyo tangi la dirishani halipati jua linalofaa, linapata joto tu. Taa hiyo huishiwa nguvu ya UVB ingali inang'aa. Andika tarehe ya kuifunga na uibadilishe baada ya miezi 12, au muda aliouandika mtengenezaji kama ni mfupi zaidi. Taa zote mbili ziwake kwa muda wa saa 12 kila siku, zikiwashwa na kuzimwa na kidhibiti saa.

Funika tangi kwa wavu wa chuma. Kobe huyu hupanda nyaya na mabomba kuliko anavyodhaniwa, na akidondoka nyuma ya kabati hukauka na kufa. Nyaya zote ziachwe zining'inie chini ya kimo cha soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Maji yanayokomaa

Mkojo na kinyesi cha kobe huzaa amonia, ambayo huunguza macho na ngozi. Ndani ya chujio hukua bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawauzwi pamoja na tangi. Wanakuja wenyewe, na huchukua wiki nne hadi sita.

Jaza maji, ondoa klorini, washa chujio na hita, kisha tia punje chache za chakula zioze. Nunua vipimo vya matone, vya amonia, nitriti na nitrati, upime kila baada ya siku mbili tatu. Utaona amonia ikipanda, halafu inashuka nitriti inapopanda, halafu nitriti inashuka nitrati inapoanza kuonekana. Amonia na nitriti zikisoma 0 kwa wiki nzima huku ukiendelea kutia chakula kidogo, maji yamekomaa. Mwenye rafiki anayefuga samaki wenye afya aombe kipande cha sponji kutoka kwenye chujio lake, akisafirishe kikiwa kimelowa. Kitafupisha kazi hii sana.

Kuhusu klorini: maji ya bomba yakikaa wazi kwenye ndoo kwa saa 24 hupoteza klorini, lakini hayapotezi kloramini, ambayo mamlaka nyingi za maji hutumia. Tumia dawa ya kuondolea klorini iliyoandikwa kwamba inashughulikia zote mbili.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria ndani ya chujio lililofungwa hukosa oksijeni na kuanza kufa. Ukirudi usiliwashe moja kwa moja. Fungua, nusa, likinuka yai viza, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe, na upime amonia kila siku kwa wiki moja.

Siku ya kumchagua

Nenda mchana, taa za dukani zikiwa zimewaka, na umwangalie majini kabla hajashikwa. Anayetembea chini na kupanda kupumua bila kuegemea upande ni mzima. Anayeelea juu akiwa ameinama upande mmoja, asiyeweza kuzama, ana tatizo la mapafu au gesi tumboni. Kisha mwombe muuzaji amtoe. Macho yawe wazi, pande zote mbili sawa. Puani kusiwe na mapovu. Gamba liwe gumu. La kitoto cha wiki chache hupinda kidogo, ila lisibonyee kama ngozi. Bonyeza polepole kwenye maungio ya gamba la chini, unuse: alama nyeupe au nyekundu yenye harufu ni uozo wa gamba. Vuta mguu wa nyuma taratibu, naye auvute kwa nguvu. Awe mzito mkononi kuliko ulivyotarajia. Mwishowe omba umwone akila. Muuzaji anayekataa hilo amekupa jibu.

Dume lina mkia mnene, mrefu, wenye kucha ngumu nchani. Wa jike ni mfupi. Kwa vitoto huwezi kujua.

Mshike kwenye nusu ya nyuma ya gamba, vidole pande zote mbili, kwani shingo yake ni ndefu na hufika hadi karibu na miguu ya nyuma. Msafirishe kwenye boksi lenye matundu na kitambaa kilicholowa. Usimweke kwenye maji, atachoka na kupinduka. Akifika nyumbani mwache siku mbili bila kumshika wala kumsumbua. Asipokula siku tatu za kwanza hakuna neno.

Chakula

Pima kwa kichwa chake: mlo mmoja ni ujazo wa kichwa bila shingo. Kitoto chini ya mwaka ale kila siku. Wa mwaka mmoja hadi mitatu, siku moja ale, nyingine apumzike. Mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki. Ataomba kila akikuona, atakwaruza kioo, na huo si ushahidi wa njaa. Nyama ikianza kufura kwenye mashimo ya miguu hadi miguu haiingii vizuri ndani ya gamba, umemlisha kupita kiasi.

Nusu ya mlo iwe punje zilizotengenezwa kwa ajili ya kobe wa majini. Nusu nyingine ni vya asili: nyungunyungu kutoka udongo usiopigwa dawa, konokono waliokulia tangini pamoja na magamba yao, kamba wadogo wabichi na maganda yao, mara mojamoja samaki mdogo mzima pamoja na mifupa. Uduvi mkavu uwe kionjo cha mara moja kwa wiki, basi. Hauna vitamini A ya kutosha, na ndio chanzo cha macho mengi yaliyovimba. Dagaa wa chumvi, mkate, soseji na nyama ya kusaga visiingie tangini.

Kalsiamu hutoka kwenye mfupa wa dome, jamaa wa ngisi na pweza. Watu wa pwani wanaujua: ule mweupe, mwepesi, unaookotwa ufukoni maji yakitoka. Wa kununua uko tayari. Wa kuokota uloweke wiki moja ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, uanike, ubandue upande mgumu, kisha uelee tangini kobe autafune apendapo.

Mabaki yatolewe baada ya dakika 20.

Kazi za kila wiki

Badilisha theluthi moja ya maji, yaani madumu mawili ya lita 20 kwa tangi hili, na mapya yawe na joto linalokaribiana na yaliyobaki. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira wa kunyonyea. Usiuanzishe kwa mdomo. Nitrati ikizidi miligramu 40 kwa lita kabla wiki haijaisha, ongeza kiasi cha maji unachobadilisha. Chujio lisafishwe kila mwezi au miezi miwili, nusu ya sponji kwa safari moja, ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuzisuuza kwenye bomba: klorini inaua bakteria, na baada ya siku tatu amonia inapanda, kobe anakodoa macho mekundu, na mwenyewe anashangaa maana tangi linang'aa.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika au ukigusa maji yake. Kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela. Vifaa vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike.

Mambo yakiharibika

Akipumua mdomo wazi, akitoa mapovu puani au akielea kiupande, huenda ni mapafu. Pandisha maji hadi nyuzi 28, mwache aote, na umpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia siku hiyo hiyo. Atahitaji dawa ya sindano. Macho yaliyovimba: pima amonia kwanza, kisha tazama chakula. Usimpe matone ya vitamini A kwa kukisia, kwa sababu ikizidi hubambua ngozi. Gamba laini kwa aliyevuka miezi michache lina maana taa ya UVB imekufa au kalsiamu haipo. Kidoa kidogo cha uozo wa gamba hupona kwa kumkausha saa mbili hadi tatu kila siku mahali penye joto, kupakwa povidoni (dawa ya vidonda yenye ayodini) iliyozimuliwa hadi rangi ya chai ya rangi, kuoshwa na kurudishwa majini. Kidoa chenye shimo au damu ni cha daktari. Vipande vyembamba vya gamba vinavyobanduka kama karatasi ni kukua tu, usivivute.

Jike aliyekomaa anaweza kubeba mayai hata bila dume. Akianza kuzunguka kutafuta njia ya kutoka, akichimba na kukataa chakula, mpe beseni la mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 10, mahali pakimya. Zikipita siku kadhaa hajataga na anazidi kunyong'onyea, mpeleke kwa daktari, kwani mayai yaliyokwama huua.

Ukisafiri siku nne au tano, mkubwa hahitaji mtu wa kumlisha. Badilisha maji siku moja kabla ya kuondoka, ziache taa kwenye kidhibiti saa, na mpe jirani kazi moja tu: kutazama kama chujio linazunguka na kipimajoto kinasoma ngapi.